Mpira wa Juu

Asikiaye la mkuu ndiye huvunjika guu. Waliosema kinyume chake hawakuwahi kucheza beki wa kati chini ya kocha Kivuva, katika Mawe ya Nzaui, timu ya wanawake ya mji wa Wote. Huko la mkuu lilikuwa moja, na lilisemwa kila asubuhi ya mazoezi: mpira wa juu ni wa beki. Usiungoje udunde, usimwachie kipa, usifumbe macho. Ruka, uupige kichwa. Waliolisikia vizuri waliteguka magoti na kuvunjika pua, na mmoja wao alivunjika kitu kilicho juu zaidi ya pua, kitu ambacho hakuna daktari awezaye kukifunga plasta.

Kasyoka alilisikia kuliko wote. Alikuwa binti wa Migwani, mrefu, mkavu, mwenye shingo iliyokomazwa na ukanda wa kubebea maji, ule unaopita kwenye paji la uso huku mtungi umelala mgongoni. Kwa shingo ile aliurudisha mpira ulikotoka kama mtu anayemrudishia jirani mbuzi wake aliyepotea. Mashabiki wakambatiza Kufuli. Washambuliaji wa timu ngeni walikuwa wakiuliza mapema atasimama upande gani, ili wao waende upande wa pili. Misimu ilikuja ikapita, makipa wakabadilishwa, mabeki wa pembeni wakaolewa au wakahamia timu za Nairobi, yeye akabaki katikati pale pale, na jina lake likawa la kwanza Kivuva kuliita kila alipopanga kikosi.

Mwaka huu, ikiwa imebaki mechi moja ligi iishe, Kufuli aliogopa mpira.

Hofu ilianzia nyumbani, Wote, katika mechi ambayo wala haikuwa ngumu. Krosi ilipigwa, Kasyoka akaruka, na mshambuliaji aliyeruka naye akaukosa mpira akakipata kichwa. Kilisikika kishindo kikavu, kama kibuyu kilichodondoka sakafuni. Alipofumbua macho alikuwa amelala chali, na Nthiwa alikuwa amemwinamia na ndoo yake.

Nthiwa alikuwa mhudumu wa timu. Kabla ya hapo alizunguka vijijini upande wa Kiboko akiwachanja watu mbuzi wao, na wachezaji walipoanza kumwita Daktari hakuwakataza. Matibabu yake yalikuwa na utaratibu usiobadilika: maji baridi kisogoni, kitunguu kilichopondwa puani, kisha anainua vidole na kuuliza ni vingapi. Siku zote aliinua viwili. Labda mkono wa pili ulikuwa na ndoo na ndivyo alivyozoea, labda hakuwahi kulifikiria. Kila mchezaji aliijua hesabu ile kabla hajajua jina la mwenyekiti wa timu. Mumina, kipa na nahodha wao, binti wa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia Kibwezi kutoka kaskazini, alipenda kusema kwamba siku Daktari atakapoinua vitatu, timu nzima itapelekwa hospitali.

Siku ile Kasyoka alitazama akaona vidole vinne, vimepinda, vinaelea.

"Viwili," akasema.

Nthiwa akampiga bega, uwanja ukashangilia, Kasyoka akarudi kucheza.

Tangu hapo alikaa na siri yake kama mtu aliyefungiwa chumba kimoja na nyoka. Jua lilipopiga mabati, mwanga ulimchoma nyuma ya macho. Alisimama mlangoni na ufunguo mkononi bila kujua kama anafunga au anafungua. Alisahau jina la msichana aliyewapikia kambini, msichana aliyemsalimia kila siku, akawa anamwita "mwendwa", yaani mpenzi, ili asigundulike. Mazoezini ardhi ilimwinamia upande mmoja, naye akajifanya anafunga kamba za viatu. Alitapika nyuma ya choo, akafukia kwa mchanga. Hospitali hakwenda. Aliogopa maumivu, ndiyo, lakini zaidi aliogopa kuambiwa yana jina gani. Maana alikuwa na mtu wa kumtazama na kujua mwisho wa safari ile, na mtu huyo alikuwa Kathini.

Kathini ndiye aliyemtoa Migwani akamleta Wote. Ndiye aliyecheza kushoto kwake miaka yote ile, na wawili wao walielewana kwa kukohoa tu. Msimu uliopita aligongwa kichwa, akajibu "viwili", akaendelea. Mwezi haukuisha akagongwa tena. Sasa alikuwa kwa mama yake huko Kanyangi. Timu ilimtembelea mara moja na sukari na unga, wakaimba, wakaomba, wakapiga picha. Kasyoka hakurudi tena. Kila alipopanga kwenda alipata udhuru, na kila udhuru ulipokwisha alitafuta mwingine.

Jumatano ya wiki ya mechi ya mwisho udhuru wote ulikuwa umekwisha. Alipanda bodaboda, akavuka mto Athi, akaenda.

Alimkuta Kathini ameketi kwenye kivuli cha ukuta, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, uteo wa ndengu mapajani. Alikuwa akichambua. Alinenepa kidogo, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko zamani. Alimtambua mgeni mara moja, akamwita Kasyo, akamsogezea kigoda. Moyo wa Kasyoka ukashuka mahali pake. Akajiambia kwamba watu hukuza mambo.

Kisha akaitazama mikono. Kathini aliokota jiwe, akaliweka kwa uangalifu ndani ya sufuria safi. Akaokota ndengu, akawatupia kuku. Jiwe, sufuria. Ndengu, kuku. Nyuma yake mama yake, Kalondu, alichutama kimya akiyatoa mawe kwenye sufuria moja moja, kwa mkono uliozoea.

Kathini alisimulia kwamba karibu anarudi timuni, na kwamba Mwalimu Kivuva amfulie jezi. Akaulizia mvua ya Wote. Akasema karibu anarudi timuni, Mwalimu amfulie jezi. Kasyoka akaitikia mara zote mbili kana kwamba kila moja ilikuwa ya kwanza.

"Niulize," Kathini akasema ghafla, akitabasamu.

"Nikuulize nini?"

"Vidole. Niulize kama Daktari."

Kasyoka hakutaka. Mkono wake ukainuka hata hivyo, na bila kupanga ukafunguka wote, kiganja kizima, vidole vyote vitano mbele ya uso wa rafiki yake.

Kathini hakuinua hata kofia. "Viwili," akasema, akacheka kwa raha. "Umeona? Niko sawa mimi."

Kuku waliendelea kudonoa. Kasyoka alitaka kuushusha mkono, usishuke.

Kalondu alimlazimisha kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, naye akaumeza bila kujua ladha yake, kisha mama yule akamsindikiza hadi barabarani. Huko ndiko alikosema. Alieleza kwamba daktari wa Kitui aliwaambia pigo la pili lilikuta la kwanza bado bichi. Kwamba mtoto angekaa chini ile mara ya kwanza, wiki chache tu, huenda leo angekuwa anachambua ndengu kama watu. Hakulia. Alizungumza kama mtu anayeeleza jinsi ng'ombe alivyoingia shambani.

"Hakuna aliyemwambia akae," akasema. "Na yeye hakusema." Akamgeukia Kasyoka, akamtazama machoni muda ambao haukuwa wa adabu. "Wewe uko mzima?"

"Niko mzima, mwaitu," Kasyoka akajibu, akimwita mama kwa Kikamba, upesi mno.

Njia nzima ya kurudi alimshikilia mwendeshaji bodaboda kiunoni kwa nguvu, hata yule akamwuliza kama ana deni naye. Kila shimo la barabara lilimfanya akishike kichwa kwa mkono mmoja, kama anayebeba yai.

Siku iliyofuata alimwendea Kivuva. Alikuwa ameyapanga maneno yote, lakini mbele ya kocha yakatoka nusu: kwamba kichwa kinamwuma. Kivuva hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Alikuwa mzee mwenye suruali iliyofifia magotini, aliyekuwa akiwanunulia wasichana sodo bila kutajwa, na usiku wa kuamkia siku ile hakuwa amelala, macho yalimsema. Timu ikishuka daraja, mfadhili angeondoka; alikwisha kusema hivyo. Beki wa pili wa kati alikuwa amefungiwa kwa kadi nyekundu. Aliyebaki benchi alikuwa mfupi wa kumfikia Kasyoka kifuani.

"Kichwa cha beki ni mguu wa punda," Kivuva akamwambia kwa upole. "Ukikiuliza kama kimechoka, mzigo haufiki. Sikuamuru, binti yangu. Nakuomba."

Angeamriwa, pengine angekataa. Aliombwa, akanyamaza, na Kivuva akauchukulia ukimya ule kuwa ni ndiyo.

Mechi ilichezwa Migwani, dhidi ya Nyuki wa Migwani, mbele ya watu waliomjua Kasyoka tangu akichunga ndama. Sare ingewabakiza Mawe ya Nzaui kwenye ligi. Kushindwa kungewashusha. Watu walikuwa wamejaa pande zote, akina mama wa kanisa wakiwa na leso zao za sare, vijana juu ya ukuta, na mtu mmoja na vuvuzela aliyeonekana kulipwa ili amkere Mungu.

Kipyenga kilipolia, Kasyoka alijua jambo ambalo hakuna mchezaji anayelijua hadi siku anapoogopa: kwamba mpira hukaa hewani muda mrefu sana. Kipa wa Nyuki aliupiga, ukapanda, ukapungua, ukawa kidoa mbele ya jua. Kisha ukaanza kushuka, ukawa miwili. Kasyoka akamsukuma namba tisa wa Nyuki mgongoni kabla haujafika. Refa akapuliza. Faulo. Afadhali faulo.

Hivyo ndivyo alivyoishi kipindi cha kwanza. Mpira wa chini aliukaba kama zamani, na kwa muda mfupi akawa Kufuli tena. Wa juu aliukimbia kwa ujanja wote ambao misimu ilimfunza. Alirudi nyuma akaupokea kwa kifua. Alimwachia Mumina, Mumina akatoka langoni akiapa kwa Kisomali. Alipata kadi ya njano. Namba tisa wa Nyuki, msichana mpana mwenye pengo la meno, alimsogelea sikioni na kumwuliza kama siku hizi ameolewa na mpira wa chini, au wa juu umemwacha. Kasyoka alikuwa akitazama kiwiko cha msichana yule, jinsi kilivyokuwa na mfupa.

Wakati wa mapumziko aliketi kwenye nyasi, kichwa katikati ya magoti. Mumina akachutama mbele yake.

"Unakimbia mipira, Kasyo."

"Najua."

"Usijue tu. Simama." Mumina alikuwa na jasho hadi kwenye kope za macho, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na woga wake yeye mwenyewe. "Kipindi kimoja tu kimebaki. Baadaye ufe ukitaka."

Kasyoka akacheka, kwa kuwa walikuwa marafiki. Na katika kicheko kile akakata shauri. Angesema sasa. Angemwambia Mumina, kisha Kivuva, kisha angevua jezi. Alifungua mdomo. Lakini Nthiwa alikuwa amekwisha kufika na ndoo, kwa tahadhari tu, kwa kuwa alimwona ameinamisha kichwa. Maji baridi yakamwagika kisogoni.

"Vingapi?" Nthiwa akauliza.

"Viwili," ukasema mdomo wa Kasyoka.

Hakuwa ameinua macho. Hakuviona vidole kabisa. Neno lilimtoka lenyewe, kama chafya, na alipolisikia limetoka, baridi ilimshuka kutoka utosini hadi nyayoni, wala haikuwa ya maji. Alipoinua uso Nthiwa alikuwa anaondoka, ameridhika, na Kivuva alikuwa akipiga makofi kuwaita uwanjani. Akasimama pamoja na wengine. Miguu ilikwenda. Alijiona kama ndama anayefuata kamba.

Kipindi cha pili Nyuki waliinusa hofu. Kila mpira wakauinua. Wakarusha kutoka kulia, wakarusha kutoka kushoto, na Kasyoka akazuia kwa goti, kwa bega, kwa mgongo, mara moja kwa kifua kilichopigwa hadi pumzi ikakata. Mumina aliokoa miwili ambayo watu wataisimulia. Bado ilikuwa sare tasa. Benchi la Mawe lilikuwa limesimama wote, wameshikana mikono, wengine wakisali kwa Kikamba na mmoja akilia kabisa. Refa akatazama saa yake. Na Nyuki wakapata kona.

Vuvuzela likanyamaza. Kasyoka akasimama mahali pake, mbele ya namba tisa, akiuhisi mwili wa msichana yule ukimgusa mgongoni. Mpira ukapigwa.

Ulikuja miwili, mmoja juu ya mwingine. Macho hayakujua upi ni wa kweli. Mwili ulijua. Mwili wa Kasyoka ulikuwa umeusoma mpira ule tangu ulipotoka mguuni: utapinda, utashuka kwenye kona ya eneo dogo, utafika hapa, kwenye paji hili, na hakuna mwingine atakayeufikia kabla yake. Magoti yakakunjika yenyewe kwa ajili ya kuruka. Nyuma yake namba tisa naye akavuta pumzi, na kiwiko chenye mfupa kikainuka.

Watu wa Migwani watakwambia aliteleza. Wengine wanasema jua lilimwingia machoni, na wapo wanaoapa kwamba alilishwa kitu. Hakuna hata moja lililo kweli. Kwa kitambo kile kifupi hofu ilimtoka yote, kichwa kikawa cheupe kama uwanja baada ya mvua, na ndani ya weupe ule aliuona mpira, akaona kuufikia na akaona kutoufikia, akachagua. Akayanyoosha magoti. Akausogeza upande mmoja mwili wake wote, pamoja na kichwa chake, na kuuacha mpira upite.

Namba tisa aliupiga bila kuguswa na mtu. Mumina akaruka upande usio wake. Neti ikatikisika, uwanja ukalipuka, na kipyenga cha mwisho kikalia ndani ya kelele hizo hizo.

Majirani wa utotoni walimpita Kasyoka wakikimbilia katikati ya uwanja. Mwanamume mmoja alimpigia saluti, akamwambia ahsante, mtoto wetu, tulijua damu haiwezi kuwa maji. Kasyoka alikuwa amesimama pale pale alipoachia mpira. Alijigusa paji la uso, kushoto na kulia, kama anayehakikisha mali yake.

Mawe ya Nzaui walikuwa na desturi. Mechi ikishaisha walifanya duara, na yule ambaye kosa lake lilizaa goli aliingia katikati, akaomba msamaha, nahodha akamnawisha mikono kwa maji ya chupa. Baada ya hapo kosa halikutajwa tena, hata kwa utani. Desturi nzuri, wengi walisema, inazuia majungu. Ni katika duara lile Kathini aliomba msamaha, msimu uliopita, kwa goli lililoingia yeye akiwa amelala chini hajui yuko wapi. Alinawishwa, akatoka, kisha akarudi katikati akaomba tena, neno kwa neno, na wasichana wakacheka wakidhani ni mzaha. Kasyoka naye alicheka.

Sasa duara lilifanywa nyuma ya lango, kwenye vumbi. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani aingie. Mumina alikuwa na chupa ya maji mkononi, glavu zimening'inia, uso umevimba kwa kilio.

"Uliinama," Kivuva akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka tangu asubuhi.

"Sikuinama, Mwalimu. Nilisogea."

"Ungeufikia?"

"Ningeufikia."

Duara lote likashusha pumzi. Msichana mmoja akatukana chini kwa chini, mwingine akaketi mavumbini. Basi Kasyoka akasema yote, bila kupaza sauti: vidole vinne alivyoviona kule Wote, mwanga, kutapika, ufunguo, na mawe aliyoyaona yakiingia kwenye sufuria huko Kanyangi. Nthiwa alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe. Kivuva alisikiliza hadi mwisho.

"Ungesema," akasema hatimaye. "Kwa nini hukusema?"

"Nimesema sasa."

"Sasa tumeshuka, Kasyoka. Wote hawa. Sasa kunafaa nini?" Lakini hakungoja jibu. Akamwashiria Mumina, na Mumina akasogea, akafungua kifuniko cha chupa.

"Ingia tu, Kasyo," Mumina akamsihi. "Hata si lazima umaanishe. Sema tuyamalize, twende nyumbani."

Kasyoka aliitazama chupa, zikawa chupa mbili, na mikono miwili ya Mumina ikawa minne. Alimpenda sana kwa wakati ule. Aliweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Kesho naenda hospitali, Kitui. Anayetaka kunisindikiza anisindikize," akasema. "Duarani siingii, na msamaha siombi."

"Hata kwangu?" Mumina akauliza.

"Hata kwako. Siombi."